Sauti Zilizovunja Rekodi, Mpaka Vilima vya Buha

Kila mwaka kampuni za simu hutangaza rekodi zao: kamera kali kupita zote, kioo kipana kupita vyote, betri inayokaa na chaji siku nzima. Kwa mtu asiyeona wa Kasulu au Kibondo, upana wa kioo haumwongezei kitu. Rekodi zinazomhusu ni nyingine. Ni mashine ipi ilitangulia kumsomea mtu karatasi yake? Ni programu ipi ndogo kiasi cha kuingia kwenye simu ya bei ya chini? Ni sauti ipi inatamka Kiswahili bila kukivunjavunja, na ni kazi gani ya simu inayomtoa jasho hadi leo? Nimekusanya hapa zile ninazoziona kubwa, nikizipima kwa swali moja: zimefika Buha? Yaani zimefika kwenye vilima hivi vilivyo kati ya mto Malagarasi na mpaka wa Burundi, ambako sokoni kinasikika Kiha na meseji zinaandikwa Kiswahili?

MASHINE YA KWANZA KUMSOMEA MTU KITABU

Hamu ya kuifanya mashine iseme ni ya zamani. Mwaka 1791 Wolfgang von Kempelen alichapisha kitabu cha kueleza mashine yake ya kusema, iliyotumia viriba vya kupuliza hewa. Mwaka 1939, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, maabara ya Bell ilileta Voder, chombo cha Homer Dudley kilichotoa maneno kwa vidole vya mwendeshaji aliyefunzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1961 kompyuta ya IBM iliimba wimbo wa "Daisy Bell" katika maabara hiyohiyo. Watu walishangaa na kupiga makofi, lakini hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivyo kilichomsomea asiyeona barua yake.

Waliokaribia zaidi walipitia njia ya ajabu. Optophone ya Edmund Fournier d'Albe, iliyobuniwa Birmingham kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iligeuza umbo la kila herufi kuwa milio ya muziki, na msomaji akalazimika kujifunza kuitambua. Mwanzoni kasi ilikuwa neno moja hivi kwa dakika. Kwa mazoezi, baadhi ya wasomaji walifika maneno 60. Mary Jameson, mwanamke asiyeona wa Uingereza, ndiye anayekumbukwa zaidi miongoni mwao, na mimi ninamhesabu kuwa mmoja wa wasomaji wavumilivu kuliko wote walioandikwa kwenye historia hii.

Rekodi yenyewe ilivunjwa tarehe 13 Januari 1976. Siku hiyo Ray Kurzweil, akishirikiana na chama cha kitaifa cha wasioona cha Marekani, alionyesha mashine iliyochukua ukurasa uliochapwa, ikatambua herufi za mitindo mbalimbali, kisha ikausoma kwa sauti. Ilikuwa kubwa kiasi cha kujaza meza. Wa kwanza kuinunua alikuwa mwanamuziki Stevie Wonder. Ilichukua miaka 32 kwa kazi hiyohiyo kuingia mfukoni: mwaka 2008 programu ya Kurzweil ilianza kufanya kazi ndani ya simu ya Nokia N82, ambapo unapiga picha ya karatasi na simu inakusomea. Leo kazi hiyo hufanywa bure na Seeing AI ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2017, na Lookout ya Google, iliyotoka mwaka 2019. Aliye na simu janja Kibondo mjini anaweza kuielekeza kwenye boksi la dawa au risiti ya mbolea akasikia kilichoandikwa. Sharti mwanga uwe wa kutosha na mkono utulie, na asiyeona kabisa hawezi kujua kwa macho kama chumba kina mwanga.

NDOGO KULIKO ZOTE

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko nyingine. Mwaka 1995 Mwingereza Jonathan Duddington alianza kuandika programu ya kusoma maandishi kwa ajili ya kompyuta za Acorn. Mwaka 2006 aliitoa upya kwa jina la eSpeak, bure na wazi, ili mtu yeyote aweze kuongeza lugha yake. Tangu mwaka 2015 inaendelezwa kwa jina la eSpeak NG, na lugha zake zimepita 100. Kiswahili kimo. Vyote hivyo vinaingia kwenye megabaiti chache tu, pungufu ya nafasi inayochukuliwa na video moja fupi ya WhatsApp.

Siri yake ni kwamba ndani hakuna maneno yaliyorekodiwa na mtu. Sauti nyingi za kompyuta hujengwa kwa rekodi za msomaji fulani, saa nyingi za kusoma studio. eSpeak inazalisha irabu na konsonanti nyingi kwa hesabu, ikifuata namna koo na kinywa cha binadamu kinavyotoa mawimbi ya sauti. Matokeo ni sauti kavu, ya puani kidogo, ambayo anayeisikia kwa mara ya kwanza huomba izimwe. Wanaoitumia kila siku huitetea, kwa sababu inajibu papo hapo, haichoki kwenye simu yenye kumbukumbu haba, na haihitaji bando. Katika wilaya ambazo mji ukiuacha nyuma kilomita chache mtandao unaanza kuja na kuondoka, sauti inayoishi ndani ya simu yenyewe ina thamani kuliko sauti tamu inayoishi ng'ambo.

KIOO CHA KWANZA KISICHO NA BATANI

Asiyeona aliyetumia simu mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa na batani. Kidole kiliijua namba 5 kwa kinundu chake, na programu kama Talks na Mobile Speak zilimsomea menyu kwenye simu za Nokia. Kisha mwaka 2007 ikaja iPhone, kioo kitupu, laini, kisicho na alama ya kushika. Kwa miaka miwili wasioona wengi duniani walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba simu za baadaye hazitakuwa zao.

Juni 2009 Apple waliingiza VoiceOver, kisoma skrini chao, yaani programu ya kutaja kwa sauti kilicho kwenye kioo, katika iPhone 3GS, na hiyo ndiyo simu ya kwanza ya kioo kitupu iliyoweza kutumika na asiyeona kuanzia pale inapotolewa boksini. Miezi michache baadaye, Septemba mwaka huohuo, Android 1.6 ilitoka na kisoma skrini chake, TalkBack, kazi ya T. V. Raman, mhandisi asiyeona wa Google, na mwenzake Charles Chen. Ilianza kinyonge. Ni kwenye Android 4.0, mwaka 2011, ndipo mtu aliweza kupitisha kidole kwenye kioo na kusikia kilichopo chini yake.

Namna TalkBack inavyofanya kazi inafaa kuonyeshwa, kwa kuwa wengi wanaoona hawajawahi kuishuhudia. Unabonyeza batani mbili za sauti kwa pamoja kwa sekunde kama tatu, na simu inaanza kusema. Kidole kikigusa alama, haifunguki. Simu inataja jina lake tu. Ukitelezesha kidole kulia unahamia kitu kinachofuata, ukitelezesha kushoto unarudi. Ukishapata unachotaka, unagonga mara mbili popote kwenye kioo, ndipo kinafunguka. Kusogeza ukurasa kunataka vidole viwili. Anayeona akishika simu hiyo bila kuelezwa hudhani imeharibika, na nina hakika kuna simu za wasioona zilizopelekwa kwa fundi kwa kosa hilo.

Kwenye tafiti za kimataifa za shirika la WebAIM kuhusu watumiaji wa visoma skrini, wasioona walio wengi wanatumia iPhone. Wengi wa wanaojibu tafiti hizo wako Marekani na Ulaya. Kwenye maduka ya simu ya Kasulu utakutana na Tecno, Itel na Infinix, chapa za Transsion, kampuni inayouza simu janja nyingi kuliko zote barani Afrika. Kwa hiyo rekodi ya kwanza ni ya Apple, lakini aliyebeba mzigo wa Buha ni TalkBack.

Kuna faida moja ambayo haiandikwi kwenye matangazo. Kabla gridi ya taifa haijafika, Kasulu na Kibondo ziliangazwa na jenereta za dizeli, na hata sasa vijiji vingi hutegemea sola na vibanda vya kuchajia. Asiyeona hahitaji mwanga wa kioo. Anaushusha hadi mwisho, na simu yake hukaa na chaji kuliko ya jirani yake, maana kioo ndicho mlaji mkubwa wa betri.

SIKIO LENYE KASI KULIKO YOTE

Watafiti wa Tübingen, Ujerumani, wamepima wasioona waliozoea kusikiliza sauti za kompyuta. Msikilizaji wa kawaida huanza kupoteza maana mazungumzo yakifika silabi nane hadi kumi kwa sekunde. Wasioona wenye mazoezi walielewa hadi silabi 22. Kwa maneno ya Kiswahili yenye silabi tatu tatu, hayo ni maneno saba ndani ya sekunde moja. Vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya kichwa inayoshughulika na kuona, kwa watu hawa, huamka wanaposikiliza.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini wazoefu wanang'ang'ania sauti kavu za zamani. Sauti laini inayofanana na ya mtangazaji huharibika ikiharakishwa, irabu zinamezana. Sauti ya hesabu hubaki wazi hata ikikimbia. Ukikaa karibu na mtu anayesoma meseji zake kwa kasi hiyo utasikia mlio tu, usitambue hata neno. Huo pia ni ulinzi wake.

KAZI NGUMU KULIKO ZOTE: KUTUMA ELFU KUMI

Vodacom walianzisha M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Tangu hapo simu ndiyo benki ya watu wengi wa Kigoma, kutoka kwa muuza maharage wa Kibondo hadi mzazi wa Makere anayemtumia mtoto nauli. Ningeulizwa ni wapi teknolojia hii inapimwa kwa ukali kuliko popote, ningejibu ni kwenye menyu ya M-Pesa, *150*00#.

Mfuate mtu asiyeona anayetuma shilingi 10,000. Kwanza anatafuta alama ya kupiga simu kwa kidole. Anaandika nyota, moja, tano, sifuri, kila tarakimu ikitafutwa kwenye kioo na kuthibitishwa. Menyu inatokea na simu inaanza kuisoma tangu juu: tuma pesa, toa pesa, na kuendelea. Anasubiri isome, anatelezesha hadi kwenye kisanduku cha kujibu, anafungua kibodi, anaandika 1, anatafuta neno la kutuma, anagonga mara mbili. Menyu ya pili. Kisha namba ya mpokeaji, tarakimu kumi, na kosa moja linampeleka kwa mtu mwingine. Kisha kiasi. Mtandao umeweka muda kwa kila hatua, uliopimwa kwa mtu anayeona. Akichelewa, menyu inafungwa yenyewe na safari inaanzia mwanzo.

Halafu inakuja namba ya siri. Kwenye programu za benki zilizotengenezwa vizuri, kisanduku cha namba ya siri kinajulikana hivyo na simu inaweza kunyamaza. Kwenye menyu hizi za nyota, kisanduku ni kilekile cha kawaida, tarakimu zinaonekana waziwazi na kisoma skrini huzitaja moja moja. Asiye na hedifoni anatangaza siri yake kwa foleni nzima ya wakala. Ndiyo maana hedifoni ya bei ndogo, ikivaliwa sikio moja ili jingine lisikie yanayoendelea pembeni, ni kifaa cha lazima kama simu yenyewe.

Wengi bado humpa simu mtoto wa nyumbani, jirani au wakala, pamoja na namba ya siri. Mara nyingi wanarudishiwa pesa kamili. Lakini mtu mzima anayelazimika kumwambia mwingine siri ya fedha zake kila anapotaka kununua chumvi, amenyimwa kitu kikubwa, na sioni kwa nini kampuni za simu zisirefushe muda wa menyu kwa mteja aliyeomba hivyo. Ni mabadiliko ya mfumo wao, wala hayahitaji uvumbuzi mpya.

Baada ya kutuma, inakuja meseji ya uthibitisho, nayo ndiyo zawadi. Simu inamsomea namba ya kumbukumbu, kiasi, jina la mpokeaji na salio, yeye peke yake. Ile meseji ya matapeli inayotaka pesa "itumwe kwenye namba hii" nayo inasomwa, na mwenye simu anaikataa mwenyewe bila kumuuliza mtu.

SAUTI BORA YA KISWAHILI

Kwa fundi wa sauti, Kiswahili ni lugha yenye huruma. Irabu ni tano, kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa, na mkazo karibu kila mara uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakimpi fundi nafuu hiyo hata kidogo. Mwaka 2005 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mucemi Gakuru akiwa mbele, waliwasilisha mfumo wa kusoma Kiswahili kwa sauti kwenye mkutano wa Interspeech mjini Lisbon. Ni miongoni mwa mifumo ya mwanzo kabisa ya lugha yetu, na unastahili kutajwa kila inapoandikwa historia hii.

Leo uchaguzi ni mpana. Google wana sauti ya Kiswahili inayopakuliwa mara moja kisha ikafanya kazi bila intaneti. Kwa mtumiaji wa Android wa Kasulu hii ndiyo ya kufaa kuliko zote. Microsoft wana sauti zinazotoka mtandaoni: za Kenya wamezipa majina Zuri na Rafiki, za Tanzania Rehema na Daudi. Kwa masikio yangu Rehema na Daudi ndio wanaosoma kwa utamu kuliko wengine wote. Wanavuta pumzi panapostahili na hawaburuzi sentensi. Tatizo lao ni bando.

Shida kubwa inaanza kabla ya kuchagua. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa Kiingereza, na asiyeona anayewasha yake kwa mara ya kwanza anasomewa Kiswahili na sauti ya Kiingereza. "Mume wake" inakuwa "mume weik". "Mate" inakuwa kitu kingine kabisa. Mtu anaweza kukaa na simu hiyo wiki kadhaa akiamini kwamba teknolojia yenyewe ndiyo mbovu, wakati mabadiliko yanayohitajika yako kwenye mipangilio: kupakua sauti ya Kiswahili na kuichagua. Kama kuna jambo moja ambalo muuza simu wa Kibondo angeweza kulifanya bila gharama, ni hilo, kabla mteja hajaondoka dukani na pakiwa na mtandao.

Nasi waandikaji tuna mchango wetu kwenye tabu hii. Kijana akiandika "cjui" au "xaxa" au "2po", sauti bora kuliko zote inasoma takataka. Kibodi ikiandika "ngombe" bila alama yake, ndivyo mashine itakavyotamka. Kadi ya mchango wa harusi ikitumwa kama picha, na siku hizi nyingi hutumwa hivyo, kisoma skrini kinasema "picha" na kunyamaza. Tarehe, ukumbi na jina la bwana harusi vyote vimebaki ndani. Tangazo la kazi lililopigwa muhuri, likaskaniwa na kusambazwa kwenye makundi, nalo ni picha tu kwa kisoma skrini. Ajabu ni kwamba mwanzoni lilichapwa kwenye kompyuta, maandishi safi yanayosomeka, kisha likaharibiwa kwa skana. Ofisi yoyote ya halmashauri inaweza kutuma lile la kwanza pamoja na lenye muhuri.

KIWANGO CHA JUU, NA KABANGA

Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kinachotajwa kuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Ulaya na Marekani Kaskazini ni mmoja kwa watu 17,000 hadi 20,000. Baada ya mauaji na mashambulizi yaliyotikisa Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi kuanzia miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa Kabanga, nje kidogo ya mji wa Kasulu, kwenye shule iliyokuwa tayari inapokea watoto wasioona na viziwi.

Nalitaja hapa kwa sababu ualbino huja na uoni hafifu. Sehemu ya jicho inayoona vitu vidogovidogo haijakomaa, na macho hutikisika bila hiari. Kwa miaka mingi watoto hao nchini walifundishwa nukta nundu pamoja na wasioona kabisa, ingawa wengi wao wangeweza kusoma herufi kubwa. Simu janja imeleta njia ya katikati. Mtoto anakuza maandishi kwa kupanua kioo, anageuza rangi ili maandishi meupe yakae juu ya weusi, na macho yakichoka anagusa aya na kuisikiliza. Sauti hapo haichukui nafasi ya macho, inayapumzisha. Miongoni mwa matumizi yote ya teknolojia hii, hili ndilo linalosemwa kidogo kuliko yote, na kwa Kasulu pengine ndilo lenye watu wengi wa kunufaika.

WAKONGWE

Afrika Mashariki, shule ya kwanza ya wasioona ni ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Kwa Tanzania ni Buigiri, Dodoma, ya Kanisa la Anglikana, mwaka 1950. Chama cha Wasioona Tanzania kilianzishwa mwaka 1964. Mashine iliyowasomesha wanafunzi wengi wa shule hizi ni Perkins, ya kuchapia nukta nundu, iliyotoka mwaka 1951 na yenye uzito wa karibu kilo tano. Mwanafunzi aliyetoka Buha kwenda kusoma mbali aliijua kwa mabega. Bado inatumika, na ipasavyo: sauti humpa mtu habari, lakini tahajia, hesabu na jina lake mwenyewe lilivyoandikwa anavijua kwa vidole. Mwaka 2020 TalkBack iliingiza kibodi ya nukta nundu kwenye kioo cha simu, vidole sita vikigusa pamoja, na waliosoma kwa Perkins huandika kwa kasi inayowashinda wengi wenye macho.

Thika ilipata bahati nyingine. Shirika la inABLE la Irene Mbari-Kirika, lililoanzishwa mwaka 2009, lilijenga huko maabara za kompyuta zenye programu za kusoma skrini. Huo ndio mfano ningependa wakuu wa shule zetu waende kuutazama.

GHALI NA BURE

Kwenye kompyuta, programu maarufu kwa miaka mingi ni JAWS ya mwaka 1989, kazi ya Ted Henter, aliyepoteza uwezo wa kuona kwenye ajali ya gari. Leseni yake ilikuwa ikiuzwa kwa karibu dola 1,000. Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kuandika NVDA, inayotolewa bure, na ikaja kushindana na JAWS kwa idadi ya watumiaji duniani. Kwa chuo cha Kigoma uamuzi hauhitaji kikao.

MKATABA ULIOFUNGUA VITABU

Juni 2013 mataifa yalikutana Marrakesh na kukubaliana kwamba kitabu kinaweza kugeuzwa kuwa sauti au nukta nundu kwa ajili ya wasioona bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na nakala hizo kuvuka mipaka. Stevie Wonder, yuleyule aliyenunua mashine ya kwanza ya Kurzweil, alikwenda kuwaimbia wajumbe kama alivyoahidi. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2016. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Maana yake kwa mwanafunzi wa Kibondo ni kwamba riwaya au kitabu cha kiada kikishawekwa katika umbo la kusomeka Nairobi, kinaweza kumfikia kihalali. Kilichobaki ni kuviandaa hivyo vitabu vya Kiswahili, na hapo bado tuko nyuma sana.

LUGHA NYINGI KULIKO ZOTE, NA KIHA

Mei 2023 Meta walitangaza mradi uliozalisha sauti za lugha zaidi ya 1,100. Walipata wapi rekodi? Sehemu kubwa ni usomaji wa Agano Jipya, kitabu kilichosomwa na kurekodiwa katika lugha nyingi. Kwa idadi, hiyo ilikuwa rekodi. Kwa matumizi, sauti hizo hazikuja moja kwa moja kwenye mipangilio ya simu ya mtu wa kawaida.

Kwa upande wetu wa Afrika, rekodi iko jirani. Kwenye Common Voice ya Mozilla, ambako watu hujitolea kusoma sentensi, Kinyarwanda kimekusanya zaidi ya saa 2,000, kazi iliyosukumwa na Digital Umuganda ya Kigali. Kiha, Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu wa damu. Mtu wa Kasulu na mkimbizi kutoka Burundi huelewana bila mkalimani.

Hata hivyo Kiha hakimo kwenye orodha ya sauti za Google, na kina ugumu ambao Kiswahili hakina. Ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hutenganisha maana, nako hakuandikwi. Urefu wa irabu nao aghalabu hauandikwi. Ukiipa sauti ya Kiswahili salamu ya "Mwakeye" itaitamka ikitia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa kanuni yake, na bibi wa Heru Juu, hukohuko Kasulu, atasikia mgeni anayejaribu. Kanuni za utangazaji nchini hutaka redio zitumie Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo hata hazina ya rekodi za watangazaji, inayosaidia lugha nyingine, kwa Kiha ni finyu. Na bibi huyo, aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani na asiyejua Kiswahili cha menyu, ndiye aliye mbali zaidi na kila rekodi niliyoitaja.

Saa 2,000 za Common Voice ni za watu wengi, na kazi yake hasa ni kuifundisha mashine kusikia. Kuifundisha isome kunataka kingine: msomaji mmoja, chumba kimya, maikrofoni nzuri. LJ Speech, mkusanyo uliotumiwa sana na watafiti wa Kiingereza, una vipande 13,100 vilivyosomwa na mwanamke mmoja, jumla ya saa 24 hivi. Kasulu ina vyuo viwili vya ualimu, Kasulu na Kabanga, vyenye walimu waliokulia kwenye Kiha na wanaojua kusoma kwa sauti inayosikika hadi dawati la nyuma. Orodha ya sentensi inaweza kuanza na zile ambazo bibi wa Heru Juu anazihitaji kwanza: salio lako ni kiasi gani, umepokea pesa kutoka kwa nani, meza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni.